Kadi ya ahadi iwe na mstari wa kilo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua.

Kadi ya ahadi inayogawiwa mwanzoni mwa mwaka katika makanisa mengi ya vijijini ina mstari mmoja tu wa kujaza: "Naahidi kumtolea Mungu Sh. ........" Mkulima wa Karagwe au Ngara anayeishika kadi hiyo Januari ana maharage ya vuli ndani, ana mikungu shambani, ana kuku, ana kahawa ambayo haijaiva na ana mikono yake miwili. Shilingi hana. Basi ama anaandika tarakimu ndogo kwa aibu, ama anaandika kubwa kwa imani, na mzee wa kanisa wa mtaa anapopita Aprili kumkumbusha, anauza kahawa ikiwa bado mtini. Huku Kagera biashara hiyo tunaiita butura: mnunuzi analipa leo bei ya kutupa, msimu ukifika anachukua mavuno yote. Serikali imeipiga vita, wachungaji wameihubiri, na kadi yetu wenyewe imekuwa ikiilisha.

Tunachoomba ni kitu kimoja. Chini ya mstari wa shilingi uongezwe mstari wa kilo, na kanisa lijifunze kupokea kilo hizo bila kuziharibu. Sehemu ya kwanza ni kazi ya mpiga chapa. Ya pili ndiyo inayotufanya tuandike kwa kirefu, maana makanisa yaliyoacha kupokea mazao hayakuacha kwa sababu ya imani. Yaliacha kwa sababu mahindi yalioza ofisini.

Musa alipoitwa, aliulizwa ana nini mkononi, naye alikuwa na fimbo. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo chupani. Hayo kila mtu ameyasikia. Sura ya 35 ya Kutoka haihubiriwi sana, pengine kwa kuwa inasomeka kama daftari la stoo: dhahabu, fedha, shaba, kitani, singa za mbuzi, ngozi, mbao za mshita, mafuta, viungo. Singa za mbuzi zimo katika orodha ileile yenye dhahabu, na wanawake waliozisokota wametajwa kwa kazi yao. Katika sura inayofuata mafundi wanamwendea Musa kumwambia kwamba watu wanaleta kupita kiasi, na inapigwa mbiu kambini waache. Mtunza hazina yeyote wa mtaa akifika hapo lazima atabasamu.

Tena ukisoma Kumbukumbu la Torati sura ya 14 unakuta ruhusa ya kugeuza zaka ya mazao kuwa fedha, na sababu imeandikwa: njia ikiwa ndefu mno hata mtu asiweze kuibeba. Fedha iliingia kwa ajili ya umbali. Kutoka mashambani kwetu hadi kanisani ni mwendo wa dakika 20.

Hesabu yenyewe iko hivi. Chukua, kwa mfano tu, debe la mahindi kuwa shilingi 9,000 Julai na 16,000 Februari. Debe lina kama kilo 18. Aliyeahidi shilingi 54,000 akabanwa kulipa Julai anauza madebe sita, yaani gunia zima na kidogo juu. Angeweza kungoja hadi Februari, madebe matatu na nusu yangetosha, na mawili na nusu yangebaki kwa watoto. Na kanisa lenyewe likipokea yale madebe sita Julai na kuyatunza vizuri, Februari lina shilingi 96,000 mahali pa 54,000. Tofauti hiyo leo anaila mchuuzi mwenye ghala mjini. Hatumlaumu, ndiyo kazi yake. Tunashangaa tu kwamba tunampelekea wenyewe kila mwaka, kwa jina la Bwana.

Sasa namna ya kupokea. Mahindi ya sadaka yanaharibika kwa sababu moja kubwa: yanaletwa hayajakauka. Sikukuu ya mavuno imepangwa Jumapili fulani, mkulima anataka kutii, Ijumaa anapukuchua mahindi yaliyokauka nusu, Jumapili yako kwenye gunia, Jumatatu gunia liko kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya madhabahu. Baada ya wiki tatu ukiingiza mkono katikati ya gunia unakuta joto. Hapo kuvu limekwisha kuanza, na kuvu hilo linaweza kuleta sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika wala kwa kukoboa peke yake. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Kanisa halina ruhusa ya kuwa mlango wa kitu kama hicho.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua chupa ya glasi yenye mdomo mpana, ya kama robo tatu lita, iwe kavu kabisa. Tia chumvi kavu vijiko vikubwa viwili, kisha punje za mahindi hadi robo au theluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika moja, iache itulie dakika 15. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, mahindi yarudi kwenye turubai. Ikianguka yote chini na kuta zikabaki safi, uko chini ya hapo. Kwa kutunza miezi mingi tunataka asilimia 13 na nusu au pungufu, kwa hiyo hata yaliyofaulu yaanikwe tena siku mbili za jua kali, juu ya turubai na kamwe si juu ya udongo mtupu. Kinachowadanganya wengi ni chumvi yenyewe. Iliyokaa wazi jikoni ina maji yake tayari, nayo itashika glasi hata kwa mahindi makavu. Ikaange kwanza kwenye sufuria kavu, iache ipoe, ndipo upime.

Kikao cha mtaa kitangaze mapema: Jumapili ya mavuno ni ya shukrani, na mzigo unapokelewa wiki nne zinazofuata, kila mmoja kadiri yake yanavyokauka. Siku ya sikukuu mtu alete kapu dogo la malimbuko liwekwe mbele, na gunia libaki nyumbani kichanjani. Wenzetu Wakatoliki wanaopeleka vipaji altareni wanajua kwamba kapu moja lililopangwa vizuri linasema yote.

Baada ya chupa ni ungo. Mahindi na maharage yapepetwe na kuchambuliwa na mtoaji mwenyewe kabla ya kuletwa: punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zitoke, na zisipelekwe kwa kuku. Nabii Malaki alikuwa mkali sana kwa watu waliotoa mnyama kipofu na kilema. Maharage yaliyochambuliwa usiku na mama na watoto, yakaletwa kilo nane safi, yana shukrani ndani yake kuliko gunia lililofagiwa na mawe. Na kwa mtunza hazina yana faida nyingine: hayatamletea fukusi.

Tukifika kwa wadudu, mwenye mahindi anamjua dumuzi, yule ambaye wakulima wengi wanamwita skania. Hasubiri. Ghala la kanisa ambalo mahindi yamemiminwa kwenye magunia ya kawaida Julai litakuwa na unga wa dumuzi kabla ya Krismasi. Dawa ya vumbi inafanya kazi, lakini mahindi ya sadaka yanahama mikono: leo kanisani, kesho kwa mnunuzi, keshokutwa kwenye sufuria ya semina, na hakuna anayekumbuka yalitiwa dawa lini. Ndiyo maana tunapendelea mfuko wa tabaka tatu, ule wa PICS. Kwa nje ni kiroba cha kawaida, ndani kuna mifuko miwili ya nailoni nzito. Kabla ya kujaza, puliza kila mfuko wa ndani kama puto na usikilize, tundu la sindano linatosha kuharibu kazi yote. Jaza ule wa ndani kabisa, ukitikisa ili punje zishuke, na uache mdomo mrefu wa kukunja. Kamua hewa kwa mikono kuanzia kwenye nafaka kwenda juu, sokota mdomo mpaka uwe mgumu kama kamba, ukunje, ufunge kwa mpira. Rudia kwa wa pili, kisha kiroba. Wadudu waliomo wanamaliza hewa na kufa, dawa haitakiwi. Mahali pa kukosea ni mawili: kufungua "kuangalia tu hali" kila baada ya wiki mbili, jambo linalowaingizia wadudu hewa, na kuuegemeza mfuko ukutani panya wanapopita. Uwekwe juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, na chumba kifagiliwe.

Mizani. Kupokea kwa debe na kisado kunaleta maneno, kwa sababu debe la huyu limejazwa kwa kilima na la yule kwa kufuta. Lumbesa, yaani kujaza gunia kupita kipimo, tunailaani sokoni, tusiilete kanisani. Mizani ya kuning'iniza inatosha, iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, ining'inizwe nje mbele ya watu. Wapimaji wawe watatu, na angalau mmoja awe mama anayeuza sokoni. Yeye anajua bei ya wiki hii, na ukimpa kopo la maharage atakuambia mara moja yametoka msimu upi. Mwinjilisti asiwe mmoja wao, wala asiwe mnunuzi. Hata akilipa bei halali, mwaka hautaisha bila minong'ono.

Ndizi zinataka uangalifu wa namna nyingine, nasi tunaomba wasomaji wa Kagera watuvumilie tukikaa hapa kidogo. Mnyauko wa bakteria umekuwapo mkoani tangu 2006, na mkusanyiko wa mikungu kutoka vitongoji vyote mahali pamoja ni njia nzuri sana kwa ugonjwa huo kusafiri. Mkungu upokewe bila majani. Majani ya mgomba yaliyotumika kama ngata au kufungia mzigo yabaki shambani yalikotoka. Kisha kabla ya kuandika chochote, chomoa kidole kimoja cha katikati ya mkungu ukikate kwa upana. Nyama ikiwa na weupe wa maziwa pande zote, sawa. Ukiona madoa ya rangi ya kutu kuizunguka mbegu, au mkungu una ndizi moja moja zilizoiva njano huku jirani zake ni mbichi kabisa, au kikonyo kilichokatwa kinatoa usaha wa njano, mkungu huo usiingie mnadani, pale mazao ya sadaka yanaponadiwa kanisani. Kisu kilichoukata kipitishwe motoni mpaka kiwe cha moto sana kabla ya kugusa mwingine. Mtoaji aitwe pembeni, aambiwe kwa upole, na bwana shamba aende kwake wiki hiyohiyo. Kumwaibisha mbele ya watu kutafanya mwakani wenye migomba migonjwa wauze kimyakimya badala ya kuleta, na hilo ni baya zaidi.

Kuku ni hatari kuliko ndizi. Watu 30 wanaleta kuku 30 kutoka kaya 30, wanafungwa miguu pamoja chini ya mwembe, wanakaa saa tatu wakinyeana, kisha kila mmoja anakwenda kwenye kaya nyingine. Mtu akitaka kueneza mdondo (kideri) kijiji kizima kwa siku moja, hatapata njia bora. Mdondo hauna dawa ya kutibu, una chanjo tu. Ile chanjo isiyoharibiwa upesi na joto inatolewa tone moja jichoni, kwa kuku wa umri wowote, kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Pendekezo letu ni rahisi: kuku asiletwe. Mtoaji alete kipande cha karatasi chenye maneno "tetea mmoja, yuko nyumbani", na namba ya kitabu. Karatasi ndiyo inayonadiwa. Mnunuzi anamfuata kuku baada ya ibada, na ama anamchinja, ama anamtenga siku 14 kabla ya kumchanganya na wake. Mayai yapimwe kwa maji tu, linalolala chini ni jipya, linaloelea litupwe. Maziwa hayangoji mnada, yapewe wazee na wagonjwa asubuhi ileile. Suala la rubisi, pombe yetu ya ndizi, tunawaachia wachungaji.

Sasa mnada wenyewe. Unapendwa, una vicheko, na ndiko hesabu zinakofia. Yai moja linanunuliwa kwa shilingi 10,000 na mfanyabiashara aliyekuja na wageni, linarudishwa, linanunuliwa tena kwa 5,000, linarudishwa, mara ya nne linakwenda na mtoto kwa 1,000. Kitabuni kuna yai moja na stakabadhi moja, na mfukoni kuna fedha za mauzo manne. Kama si wizi, basi unafanana nao. Kila mauzo yaandikwe mstari wake, na kitu kibaki na namba ileile: namba 14, mauzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kitabu kiwe cha nakala mbili na karatasi ya kaboni, kikiwa na tarehe, namba, kitu, uzito, bei ya soko ya wiki hiyo, bei ya mnada, mnunuzi, na alicholipa papo hapo.

Hayo maneno ya mwisho, papo hapo, yasomwe mara mbili. Deni la mnada ni gumu kuliko deni la duka, kwa sababu aliyepandisha bei kwa shangwe Jumapili anaikumbuka kwa majuto Jumatano, na hakuna mzee wa kanisa anayependa kwenda kumdai mtu fedha ya mkungu. Asiyelipa kwa mkono au kwa simu kabla ya kuchukua, kitu kinanadiwa tena palepale.

Je, mtoaji aandikiwe thamani ipi kwenye kadi yake? Hapa watunza hazina hatukubaliani, na msimamo wetu ni huu: kama aliahidi kilo, zinaandikwa kilo, basi. Kama aliahidi shilingi na akaleta mazao, aandikiwe bei ya soko ya wiki hiyo. Kilichozidi mnadani ni sadaka ya mnunuzi. Vinginevyo mwenye yai lililopendwa na tajiri anaonekana ametoa 10,000, na mjane ambaye trei yake nzima ya mayai 30 ilinadiwa mwishoni, watu wamechoka na jua limewaka, anaandikiwa chini ya bei ya dukani. Kwa sababu hiyohiyo kila kitu kianzie bei ya soko. Kisipofika hapo, kirudi stoo. Na anayetaka kununua tena kitu alichokitoa yeye mwenyewe, Mambo ya Walawi sura ya 27 imeshaweka kanuni: aongeze sehemu ya tano. Mkungu wa 10,000 anaukomboa kwa 12,000. Hatukuitunga sisi.

Ila si kila kitu kinadiwe, na hapa ndipo makanisa mengi yanapoteza zaidi. Mahindi yanauzwa Julai mbele ya kanisa kwa bei ya mavuno, Februari kamati ya vijana inaandaa semina ya siku tatu na kwenda dukani kununua unga kwa bei ya njaa. Semina ya watu 80, ugali mara moja kwa siku, gramu 250 za unga kwa mtu, ni kilo 60 za unga kwa siku tatu. Ukikoboa, hiyo ni kama kilo 80 za mahindi. Maharage gramu 80 kwa mtu kwa siku ni kilo 19 na kidogo, karibu debe. Gunia moja na debe moja vilivyofungwa vizuri Julai vinalisha semina nzima. Kabla ya mnada wowote kamati iorodheshe vinywa vya mwaka: semina, mkutano wa akina mama, chakula cha mwinjilisti, kaya za wazee wasio na mtu. Kinachobaki ndicho kinadiwe.

Kahawa iko peke yake. Isinadiwe kanisani hata kilo moja. Kahawa ya maganda inapita AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na kanisa likigeuka kituo cha kununulia, litavuta watu wa butura na matatizo ya kisheria. Mtoaji aipeleke AMCOS kwa jina lake, kama kawaida, na kwenye kadi aandike kilo alizotenga. Malipo yakitoka ndipo anatoa. Ikichelewa, yeye si mdaiwa wa kanisa, AMCOS ndiyo haijalipa. Wenzetu wa Mtwara na Lindi wana kangomba, ulanguzi unaofanana na butura, kwenye korosho na wanaelewa tunachosema.

Kuna asiye hata na shamba, naye ameitwa vilevile. Fundi cherehani, fundi mwashi, kijana mwenye baiskeli ya kubebea mizigo. Kwao mstari wa kadi uwe wa siku: "Naahidi siku ..... za kazi ya ........" Kosa la kanisa hapa ni kutokuwa na kiasi. Fundi aliyesema atasaidia anaitwa mara tisa kwa mwaka, na akichoka anaitwa mvivu wa kiroho. Siku tatu zikiandikwa tatu, ya nne alipwe. Vifaa vinunuliwe kabla hajafika, maana fundi aliyekaa mchana kutwa akisubiri saruji ametoa siku yake na kanisa limeitupa. Mama mwenye cherehani anayeshona sare za kwaya apewe vitambaa, uzi na vipimo kwa pamoja, siyo mwanakwaya mmoja mmoja akibisha hodi usiku.

Anayetoa ardhi, hata nusu eka ya kulimwa msimu mmoja, iandikwe. Neno la mdomo linaishi kadiri anavyoishi aliyelisema. Akifa, watoto wanadai shamba na kanisa linaburutana mahakamani na waombolezaji. Kama ni ya kutumia msimu mmoja, karatasi iseme msimu mmoja. Kama ni ya moja kwa moja, mwenzi wa ndoa asaini, watoto wakubwa wawepo, na ipite Halmashauri ya Kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Familia ikisitasita, msipokee.

Kwa wanaodhani haya ni madogo mno kuendesha kazi ya Mungu, waangalie Mizoram, kaskazini-mashariki mwa India. Mwaka 1910 wanawake Wapresbiteri wa huko walianza desturi wanayoiita buhfai tham: kila mama anapopika hutenga konzi moja ya mchele kabla haujaingia chunguni, akina mama wa kanisa hupita kuukusanya, unauzwa, na fedha inakwenda kwenye kazi ya Injili. Bado wanafanya hivyo. Pima mwenyewe jikoni: konzi ya mtu mzima ni kama gramu 50. Milo miwili kwa siku ni gramu 100, kwa mwezi kilo tatu. Mtaa wenye kaya 60 una kilo 180 kila mwezi, na hakuna mtoto aliyelala njaa kwa ajili yake. Kinachotakiwa ni kopo lenye mfuniko karibu na jiko, lisilotumika kwa kitu kingine, na mkusanyaji wa jumuiya anayepita siku ileile kila wiki. Akiruka wiki mbili, kopo linarudi kuwa la sukari. Huku kwetu unga wa mahindi haufai kwa kopo hilo, unavunda, lakini maharage na mchele vinakaa.

Kamati nyingi hupeleka kadi kiwandani Novemba ili zigawiwe Januari. Tunaomba zile ambazo hazijachapa ziongeze, chini ya ile ya shilingi, mistari hii: kilo ..... za ........, kuvunwa mwezi wa ........; siku ..... za kazi ya ........; konzi, ndiyo au hapana. Kwa mtaa uliokwisha kuchapa, kalamu na rula vinatosha.

Watunza hazina na wazee wa mitaa,
Karagwe, Kagera